Sadallah Marijani, Aliyesoma Fomu Kabla ya Kushika Kalamu

Bwana Sadallah Marijani, karani na mkalimani wa ofisi yetu ya kodi ya mapato, anastaafu Jumamosi tarehe 29 Juni 1957, baada ya kuitumikia Serikali kwa miaka thelathini. Saa sita mchana wa siku hiyo atafunga droo yake, atachukua mwavuli wake pale kwenye kona, atapanda baiskeli na kwenda zake Temeke kama siku nyingine zote. Tofauti ni kwamba Jumatatu hatarudi, na wengine wetu bado hatujalizoea wazo hilo.

Alianza kazi mwaka 1927 bomani, akiandika stakabadhi za kodi ya kichwa. Kodi ya mapato ilipoanzishwa wakati wa vita, alitafutwa mtu anayejua Kiingereza cha ofisini, anayesoma hati za Kiarabu za wenye maduka, na ambaye watu wa pwani watamwamini anapowaambia jambo wasilolipenda. Mwaka 1941 akahamishiwa kwetu, akapewa meza ndogo kando ya dirisha la mbele. Wakadiriaji wa kodi wamekuja na kuondoka, kuta zimepakwa rangi mpya, lakini meza hiyo haijasogezwa hata mara moja. Mwaka juzi mafundi walitaka kuisogeza ili wapige deki vizuri. Walipiga deki kuizunguka.

Kila mfanyakazi mpya hujifunza kwanza sheria moja ya Sadallah: kalamu hukaa sikioni mpaka fomu isomwe yote. Hajali kama mlipa kodi ni tajiri mwenye haraka au mwenye duka la vibiriti. Humkaribisha kwenye kiti, hukohoa kidogo, kisha humsomea fomu kwa Kiswahili kuanzia juu kabisa, na tanbihi zake zote, kwa sauti ya mtu anayesoma hotuba. Ukimwambia unaijua, hukujibu kwa upole, "Mwaka jana uliijua. Hii ni ya mwaka huu." Ndiyo sababu vijana wa masjala walimwita Bwana Mwanzo-Mwisho, jina ambalo walidhani halijui. Analijua. Amelitumia kusaini kadi ya Idi aliyowapelekea.

Siku moja ya mwaka 1950 alikuja mtu kutoka Segerea, akaketi kwenye kiti cha wageni, na Sadallah akamsomea fomu nzima. Mtu yule alisikiliza kwa adabu, akaitikia "naam" kila palipostahili, na palipohusu mapato ya nyumba za kupangisha akatikisa kichwa kwa masikitiko. Fomu ilipokwisha akauliza, "Sasa, mzee, makaa yenyewe niyateremshe wapi?" Alikuwa ameleta gunia la makaa ya kuchemshia chai. Sadallah alicheka mpaka akavua miwani. Hata hivyo, tangu siku ile muuza makaa huyo anafahamu kanuni za kodi kuliko makarani wawili ambao sitawataja.

Mkewe, Bi Chausiku, ametueleza kwamba nyumbani hali ni hiyo hiyo. Mumewe akitumwa samaki hurudi na samaki mzuri, lakini amechelewa, kwa kuwa amemhoji muuzaji kavuliwa wapi, lini na kwa chombo cha nani. "Mie nimemwambia," asema Bi Chausiku, "siku utakayostaafu, samaki nitakwenda kununua mwenyewe, wewe utabaki unakuna nazi."

Lakini kazi itakayomfanya Sadallah akumbukwe katika ofisi hii kwa muda mrefu ni ile ya hati za Hazina. Kwa faida ya wasomaji wasiozijua, hati hizi ni njia ya Serikali kukopa kwa miezi michache. Mtu hununua hati kwa bei iliyopungua kidogo, tuseme shilingi elfu tisa na mia tisa, na ikiiva hulipwa elfu kumi kamili. Ile mia moja iliyozidi ndiyo pato lake, na huandikwa kwenye fomu ya mwaka ambao hati iliiva. Likielezwa hivi ni jambo dogo, lakini dirishani limetuletea vituko. Mzee mmoja aliandika elfu kumi yote kuwa pato lake, kisha akaja kututazama kwa macho ya mtu aliyeibiwa. Mwingine hakuandika kitu, akieleza kwamba Serikali ndiyo iliyomlipa, na Serikali bila shaka inakumbuka ilichomlipa.

Kisa cha Bwana Thuwaini bin Aidarus kilikuwa cha namna nyingine. Nakieleza kwa ruhusa yake, na kwa sharti lake kwamba nikieleze chote.

Bwana Thuwaini ana duka Kinondoni, la mchele, sukari, mafuta ya taa na kanga. Yeye na Sadallah walisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni na waliadhibiwa na mwalimu mmoja. Mwaka 1951 aliuza shamba lake la minazi huko Msasani, na benki ikamshauri fedha ile isikae bure, anunue hati za Hazina. Akanunua tatu, za kuiva katika miezi tofauti ya mwaka 1952. Kwa hesabu yake ile ilikuwa biashara tu: unanunua kitu kwa bei ya chini, unakiuza kwa bei ya juu, kama mchele. Hati ya kwanza ilipoiva akamweleza maalim wa msikiti wao. Maalim akamwuliza mchele huo uko wapi, maana anachokiona yeye ni fedha iliyolala ikaamka imezaa, na hiyo ni riba, nayo ni haramu.

Bwana Thuwaini hakulala vizuri. Akaamua kuchukua mtaji wake peke yake. Kile kilichozidi kwa kila hati hakukichanganya na fedha ya dukani wala ya nyumbani. Alikitia katika kopo la biskuti chini ya meza ya duka, na kwa kuwa fedha ya namna hiyo hailiwi wala haijengi msikiti, akaitumia kujengea choo cha watu wote kando ya soko dogo la Kinondoni. Ni choo kizuri, cha saruji, na wauza mboga walikifurahia bila kujua nani kakijenga. Baada ya hapo hakununua hati tena.

Kosa lake ni hili: fomu yake ya mapato ya mwaka 1952 ilipofika, hizo hati hakuziandika. Hakuwa na nia ya kuficha. Aliona hakuna cha kuandika.

Benki, kama ilivyo kawaida, ilituletea majina ya watu ambao hati zao ziliiva. Jina la Bwana Thuwaini lilikuwemo, na kwenye fomu yake hapakuwa na kitu. Akaandikiwa barua kwamba ajibu kabla ya Alhamisi tarehe 26 Novemba 1953, ama sivyo atatozwa faini inayoweza kuizidi kodi yenyewe, na huenda akashtakiwa. Na Ijumaa tarehe 27, siku moja tu baadaye, binti yake Hayat alikuwa anaolewa na kijana wa Mbweni.

Alifika dirishani amevaa kanzu na joho, fimbo mkononi, na sauti yake ilisikika mpaka masjala.

"Sadallah! Mie siandiki!"

"Shikamoo kwanza, Bwana Thuwaini," akasema Sadallah, ingawa wote wawili ni wa umri mmoja. Ni mzaha wao wa tangu chuoni.

"Hakuna shikamoo leo. Nikiandika, nimekiri kwa mkono wangu kwamba nimekula riba. Na nisipoandika, watu wa Mbweni watasikia baba wa bibi harusi kaitwa mahakamani kwa wizi wa kodi. Watageuza magari yao palepale njiani. Wewe niambie, nife kwa lipi?"

Hapo mwenzetu mmoja, kwa huruma kabisa, alipendekeza njia ya mkato. Faida ile si kubwa. Kwa nini isichanganywe tu na faida ya duka, pamoja na mchele na mafuta ya taa, jumla moja, kodi ilipwe, na neno hati lisitajwe? Serikali itapata haki yake na hakuna atakayeuliza. Bwana Thuwaini akainua uso kama mtu aliyeonyeshwa mlango.

Sadallah akamfungia mlango huo. Alisema faida ya hati ina mahali pake kwenye fomu, na faida ya mchele ina mahali pake, na yeye hatamsomea mtu fomu mwanzo hadi mwisho kisha amsaidie kuandika uongo katikati. Pia alimkumbusha kwamba akifanya hivyo atakuwa amefanya lile lile alilolikimbia, kuichanganya fedha ile na riziki ya duka lake. Bwana Thuwaini alikasirika sana. Alisema, "Basi usije harusini," akaondoka. Sadallah hakunywa chai siku hiyo. Kwa wanaomfahamu, hiyo ni habari kubwa.

Kesho yake alikwenda kwa Mkadiriaji, akamweleza waziwazi kwamba mlipa kodi huyu ni rafiki yake wa utoto, na akaomba ruhusa ya kwenda kumsomea fomu nyumbani, pamoja na karani mwingine wa kushuhudia. Mkadiriaji wa wakati huo, Mzungu, alikubali, ila akasema tarehe ya barua haitasogezwa kwa ajili ya harusi ya mtu yeyote. Karani wa kushuhudia nilikuwa mimi. Nilikuwa mgeni pwani, nimetoka shule ya misheni, na jambo la riba nililijua kwa jina tu.

Tulikwenda Jumanne tarehe 24, baada ya Alasiri. Vuli ilikuwa imenyesha na njia ya Kinondoni ilikuwa tope tupu. Baiskeli tulizibeba zaidi ya kuzipanda. Nyumbani kwa Bwana Thuwaini wanawake walikuwa wanachambua mchele wa biriani, na walipomwona Sadallah anaosha miguu uani wakaanza kunong'onezana. Bwana Thuwaini alitukaribisha barazani kwa kuwa mgeni hafukuzwi, lakini kahawa aliimimina bila kututazama.

Sadallah akaweka kalamu sikioni, akafungua fomu tupu, akaanza juu kabisa. Jina. Mahali pa kuishi. Biashara. Alisoma kama kawaida, bila kuruka kitu, na Bwana Thuwaini akatazama barabara. Alipofika mahali pa faida itokanayo na hati za Serikali, akasoma maneno yale ya kwamba mtu aandike yote yaliyomfikia katika mwaka huo. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. Ilikuwa ya Bi Hamdiya, mke wa Bwana Thuwaini.

"Shemeji, soma tena hapo."

Sadallah akasoma tena.

"Baba Hayat," akasema Bi Hamdiya, "ilikufikia, haikukufikia?"

"Ilinifikia, lakini sikuila."

"Nani kakuuliza ulichokula? Wamekuuliza kilichokufikia. Mie hapa watu wa Mbweni wameniletea vikapu vya tende. Nikiulizwa vimefika, nitasema vimefika. Nikila, nisipokula, hiyo ni habari nyingine."

"Na Mungu je?"

"Mungu anakijua choo kilipo. Asiyekijua ni Mzungu. Mwandikie!"

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakaangua kicheko. Bwana Thuwaini akaizungusha fimbo yake, kisha akamwuliza Sadallah kama kwenye fomu hiyo pana mahali pa mtu kusema zaidi. Sadallah akamwonyesha nafasi ya maelezo mwishoni. Hapo tu ndipo alipoitoa kalamu sikioni.

Bwana Thuwaini alisema mwenyewe maneno yake, na Sadallah aliyaandika kwa Kiingereza bila kuyapunguza. Naamini hakuna maelezo kama hayo katika jalada lingine lolote: "Fedha hii ilinifikia. Sikuila. Imo katika choo cha soko la Kinondoni, na mwenye shaka aende akakitazame, kiko wazi tangu alfajiri." Akatia sahihi yake. 

Jumatano asubuhi fomu ilikuwa mezani kwa Mkadiriaji. Alipofika kwenye maelezo aliomba atafsiriwe upya, akidhani Sadallah amekosea Kiingereza. Alipohakikishiwa kwamba hakukosea, alisimama dirishani akatugeuzia mgongo, na mabega yake yalikuwa yanacheka. Kisha akarudi kwenye kazi. Alisema kujenga choo hakuondoi kodi, kwa hiyo kodi italipwa. Lakini mlipa kodi amesahihisha fomu yake kabla ya tarehe aliyopewa na ameeleza ukweli wote, kwa hiyo faini haitakuwapo wala mashtaka.

Kukabaki swali moja, nalo lilimfurahisha Bwana Thuwaini kuliko yote. Alikuja siku ile ile na kopo lake la biskuti, maana choo hakikumaliza fedha yote. Akauliza kama kodi ya fedha ile inaweza kulipwa kwa fedha ile ile. Mtunza fedha akamjibu kwamba Serikali hupokea shilingi yoyote iliyo nzima. Bwana Thuwaini akaihesabu juu ya meza kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika samaki mwenye miba. "Serikali ilinipa, Serikali ichukue," akasema. "Mie hapo katikati nilikuwa hamali tu." Kisha akamgeukia Sadallah, akamwambia kwamba asipoonekana harusini Ijumaa, atamtuma maalim amlete kwa mkono.

Ijumaa ile magari ya Mbweni hayakugeuka popote. Sadallah na mimi tulikula biriani sinia moja, na Bi Hamdiya alituma mtu atuulize kama chakula kimetufikia.

Kutokana na kisa hicho Sadallah alitoa wazo ambalo sasa ni desturi ya ofisi. Kila mwaka, kabla ya fomu kusambazwa, huenda jioni chache Kinondoni na Temeke kuwasomea watu fomu kwa Kiswahili barazani kwao, bila kutaja jina wala hesabu ya mtu. Pia aliandika karatasi iliyobandikwa kando ya dirisha lake, inayoeleza kwamba faida ya hati ni ile tofauti tu, kwamba huandikwa kwa mwaka wa kuiva, na kwamba huandikwa hata kama mwenyewe ameitoa sadaka, amemkopesha shemeji, au ameichimbia kisima. Karatasi hiyo imefifia kwa jua na nimeagizwa kuipiga chapa upya. Sitabadili neno hata moja. Barua za onyo kuhusu hati, ambazo zamani tuliziandika kwa wingi, siku hizi ni za nadra, na wenye maduka huingia wakisema wenyewe, kabla hawajaketi, "Kilichonifikia ni hiki."

Wasifu huu ulikuwa umekwisha hapo, lakini jana alasiri limetokea jambo ambalo sina budi kuliongeza. Bwana Thuwaini alikuja dirishani na mjukuu wa Mbweni begani, akaweka mbele ya Sadallah kopo la biskuti. Sote tulilitambua, pembe moja imebonyea. Safari hii lilikuwa limesuguliwa hadi linang'aa, na ndani yake mlikuwa na halua ya kuagana, ya iliki na lozi, ingali na joto.

"Hii ule," akasema Bwana Thuwaini. "Fedha ya halua hii ni ya mchele mtupu. Nimemwuliza maalim."

Ofisi nzima ilisogea karibu. Sadallah alilitazama kopo, akanusa, akafumba macho. Kisha akaomba aletewe daftari la zawadi ambalo watumishi wa Serikali hutakiwa kulijaza, akayasoma maelezo yake ya juu tangu mwanzo hadi mwisho, akatoa kalamu sikioni, na akaandika: "Kopo moja, halua, kutoka kwa rafiki. Limenifikia." Ndipo alipokula, na ndipo alipotupa ruhusa nasi tule.

Mzee Sadallah, tunakushukuru kwa miaka yote uliyotufundisha kusikiliza kabla ya kuandika, na tunamshukuru Bi Chausiku kwa kutuazima wewe muda mrefu hivi. Nenda Temeke ukapumzike, ukune nazi kadiri utakavyoamriwa, na kila jema litakalokufikia huko ulile kwa afya. Fomu yako mwakani usiihangaikie. Tutakuletea wenyewe nyumbani, tutaosha miguu uani, na safari hii wewe ndiye utakayekaa kwenye kiti cha wageni, usomewe yote.

Gaudens Leodegar
Karani wa Masjala